Hendeli Iende Korogwe

Handeni, jioni

Mhina mwanangu,

Kama unasoma haya ukiwa bado hapa nyumbani, basi umechokonoa begi kabla ya wakati, na si ajabu. Toka mdogo ulikuwa mtu wa kufunua sufuria kabla chakula hakijaiva. Hicho kitu kizito nilichokifunga kwenye kitenge cha bluu chini ya nguo zako usikifungue kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu utajua cha kukifanya.

Sitakuandikia habari za kula wala kufua wala watu wa kuepukana nao huko chuoni Arusha. Usipokula utasikia njaa, na njaa ni mwalimu kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu mimi na wewe tukikaa uso kwa uso tunazungumzia mashine ya kusaga tu: mkanda umelegea, dizeli imebaki kidogo, umeme umekatika leo labda watakuja watu. Tumeishi hivyo miaka yote toka baba yako afariki. Watu wananiita Mama Mashine na mimi nimeitika, na nadhani nimeitika mno.

Juzi ulipokuwa unapiga pasi shati lako ulisema, bila kuniangalia, "Likizo sitarudi mama, nitatafuta kibarua hukohuko." Nikakujibu kwamba ni vizuri, mwanamume ni kazi. Ulitaka nikujibu hivyo na nikakujibu. Lakini nilitoka nje nikaenda kukaa kwenye magunia matupu pale kwenye banda la mashine, nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Dada yako Rehema naye alianza hivyohivyo. Alianza na likizo moja.

Nimekata tamaa Mhina. Nalisema wazi ili usihangaike kulitafuta katikati ya maneno. Nina watoto wawili, mmoja yuko Korogwe ambako gari la asubuhi linafika kabla chai haijapoa kwenye chupa, na simwoni. Wa pili ndiye wewe.

Unaikumbuka likizo ile ya kidato cha tano, ulipokuja na pampu ya baiskeli ya jirani na kuniita nije nione? Uliziba mdomo wa pampu kwa kidole gumba ukasukuma haraka haraka, ukaniambia nishike bomba. Lilikuwa la moto. Kisha ukasubiri lipoe, ukasukuma taratibu, ukaniambia nishike tena. Halikuwa na kitu. Ukasema ndivyo mashine yetu inavyowaka bila kiberiti wala plagi. Mkono unaozungusha hendeli unabana hewa ndani ya chuma, na nguvu ya mkono inageuka joto. Ukibana haraka, joto halipati muda wa kutoroka, linabaki humo humo, na dizeli ikipulizwa inawaka yenyewe. Ukibana polepole joto linapita kwenye chuma linaenda zake. Ukanitajia neno refu ambalo nimelifanyia mazoezi leo mchana ili niliandike sawasawa: adiabatiki. Ukasema maana yake ni kwamba hakuna joto linaloingia wala kutoka.

Nilikuuliza kuhusu kitambaa. Unajua utaratibu wa baba yako, aliotoka nao kwenye kiwanda cha katani Ngombezi alikokuwa msaidizi wa mafundi. Asubuhi za baridi analowanisha kitambaa kwa dizeli, anakiwasha, anakishika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, ndipo mashine inapigwa. Miaka yote mimi nilijua moto unaoingia kwenye mashine unatoka kwenye kitambaa kile. Hakuna aliyeniambia, niliona tu kwa macho, kama unavyoona mtu anakoka jiko kwa kaa la jirani. Wewe ukacheka, si kwa dharau, ukasema, "Kitambaa kinasaidia kidogo tu mama. Moto hautoki kwenye kitambaa. Unatoka kwenye haraka."

Wanasema haraka haraka haina baraka, lakini mashine haijui methali.

Nikakuuliza tena: kile kichuma cha juu kinachoachia pumzi, ambacho kikishushwa ndipo hewa inabanwa, kikishushwa kabla gurudumu halijashika kasi, inakuwaje? Ukajibu kama mtu anayejibu mtihani, haraka na kwa raha, kwamba hapo dizeli inaweza kuwaka pistoni ikiwa haijafika juu, inasukumwa kurudi ilikotoka, gurudumu linageuka na hendeli inarudi na mkono wa mtu.

Nikakwambia nenda kachote maji.

Ukachukua ndoo, ukafika kwenye pipa, ukalikuta limejaa mpaka juu. Ukasimama ukaliangalia, kisha ukaenda kuchota hivyo hivyo. Tangu siku hiyo hukuniletea tena jambo la shuleni. Najua ulidhani nimeidharau elimu yako, kwamba mama mtu wa pumba na dona hana haja na mambo ya vitabu. Nimekuacha udhani hivyo mpaka leo. Ukweli ni kwamba siku ile nilielewa kila kitu ulichosema, na ndiyo sababu nilikufukuza.

Wewe habari ya mkono wa Rehema unaijua kama mtaa unavyoijua. Ulikuwa mdogo, ulikuwepo, lakini ulichobaki nacho ni tulichokusimulia. Kwamba Rehema alikuwa mvivu, alizungusha hendeli kwa kudeka, ikamrudia. Nani aliisimulia hivyo? Mimi. Nilimwambia jirani yetu Mama Hadija, nikawaambia wateja, nikamwambia bibi yako, na Rehema alikuwa anasikia. Sikuwa nasema uongo kwa kujua. Niliamini. Nakusimulia sasa ilivyokuwa.

Ilikuwa miezi ile ya baridi, mwaka wa kwanza baada ya baba yako kuondoka. Kulikuwa na msiba mtaa wa chini, watu wamejaa, na wanawake walikuja alfajiri na mahindi ya kupikia waombolezaji. Foleni ilifika barabarani. Zamani baba yako alizungusha na mimi nilishusha kichuma. Alipofariki, Rehema akachukua hendeli. Alikuwa kidato cha pili, mwembamba, lakini alikuwa amejua mdundo wa ile mashine kuliko mimi. Alikuwa anasikiliza gurudumu, likianza kuvuma ananiambia "haya," nami nashusha.

Asubuhi ile mashine iligoma. Tulipiga mara nyingi. Wanawake wakaanza kusemezana, mmoja akasema marehemu angeshawasha zamani, na hilo lilinichoma. Nikawasha kitambaa kikubwa, nikakishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye kichuma. Rehema akaanza kuzungusha. Alikuwa amechoka, gurudumu linapanda kidogo kidogo. Na mimi naangalia kitambaa kinakwisha, moto unanikaribia vidole, na kichwani mwangu nasema, moto huu ukizimika kabla sijashusha tumepoteza kila kitu. Kwa sababu nilijua moto unatoka kwenye kitambaa.

Rehema akasema, "Mama, bado."

Nikashusha.

Hukusikia sauti ya mfupa kwa sababu mashine ilikohoa kwa nguvu, lakini mimi niliisikia. Hendeli ilirudi na mkono wake, ikachomoka, ikaanguka kwenye sakafu. Yeye akakaa chini polepole kama mtu anayekaa mkekani. Hakulia. Nilikuwa nimewakataza kulia toka siku ya kumzika baba yenu, unakumbuka? Nilisema machozi hayasagi mahindi. Niliwafunga ninyi wawili ndani ya nyumba hii na huzuni yenu, nikaziba kila tundu, nikawa nawasukuma: amkeni, fagieni, shule, mashine, lala. Nilidhani tukienda haraka huzuni itabaki nyuma. Kumbe haikupata pa kutokea. Ilibaki humo humo inachemka, na mimi nilijisifu kwamba kwangu hakuna kelele.

Sasa fika kwenye lile ambalo hata mtaani hawalisemi. Kijana mmoja aliyekuwa anapita alisaidia kuzungusha, mashine ikawaka. Na mimi nikasaga. Nilimkalisha Rehema kwenye magunia, mkono wake kwenye mapaja, nikamfunika kanga, nikasaga mahindi ya msiba mpaka debe la mwisho. Nilijiambia msiba hausubiri. Nilijiambia mfupa umekwisha kuvunjika, hauvunjiki zaidi. Kila nikigeuka namwona ananiangalia, uso mweupe kwa vumbi la unga, na wewe umesimama pembeni yake umemshika upindo wa gauni. Ndipo tukaenda hospitali. Jua lilikuwa juu. Mkono ulikuwa umevimba, ukaunga vibaya, na vibaya vile ndivyo ulivyo mpaka leo.

Wanasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi sikuchelea, na bado ninalia.

Siku ulipokuja na pampu yako ukaniambia moto unatoka kwenye haraka, nilikuwa nimemlaumu mtoto wa watu kwa miaka. Nasema mtoto wa watu kwa sababu wakati huo alikuwa ameshaolewa, ameshakuwa wa watu. Aliniambia bado. Alikuwa anausikia mwendo wa gurudumu, anajua kasi haijatosha. Ningesubiri pumzi chache tu. Kitambaa kingezimika, kingezimika, mashine ingewaka vilevile. Kwa hiyo ulivyomaliza kueleza nilikuwa nimesimama mbele yako nikiwa sina pa kushika. Nikakutuma maji.

Sikumwendea Rehema hata baada ya hapo. Hapana, naandika vibaya. Nilikwenda mara moja. Niliposikia amejifungua nilisaga unga laini wa uji, nikafunga kuku miguu, nikapanda gari mpaka Korogwe. Nilielekezwa nyumba yake, kule Korogwe ya zamani, si mbali na mto. Nikafika kwenye uzio. Alikuwa uani anaanika nepi, ananing'iniza kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameukunja kifuani kama anabeba kitu. Hakuniona. Nilikuwa nimejiandaa kusema hodi, na hodi ni neno dogo, mtoto anaweza kulisema. Nikageuka. Kuku na unga nilimpa mama mmoja stendi, akaniombea baraka nyingi. Niliporudi uliniuliza nimetoka wapi, nikasema nilifuata mkanda wa mashine.

Wakati nasubiri gari pale stendi niliangalia milima ya Usambara. Mawingu yalikuwa yamekaa juu kule kama kawaida, na huku chini jua kali. Hilo nalo ulinieleza, kabla sijakukatisha tamaa ya kunieleza mambo. Ulisema hewa ikisukumwa kupanda mlima inatanuka, na ikitanuka inapoa. Nikakuuliza nani ameipoza. Ukasema hakuna aliyeipoza. Hakuna aliyechukua joto lake. Imejipoza yenyewe kwa kazi ya kujitanua, kwa sababu ilienda juu bila kupata wa kuiongezea. Na ikipoa maji yanadondoka, watu wa milimani wanapata mvua, na sisi Handeni tunayaona mawingu kwa mbali tu.

Nimeliwaza hilo kuliko sala zangu. Kwa miaka nilisema Rehema ana roho mbaya, amekuwa baridi, kuna mtu amemharibu, mume wake, mama mkwe wake. Sasa naona hakuna aliyemwibia kitu. Alitoka hapa amebanwa, akatoka kwa ghafla, akajitanua peke yake kwenye maisha yasiyo na mtu wa kwao, na joto alilokuwa nalo akalitumia kusukuma maisha hayo. Likaisha. Hakunichukia. Alipoa, na kupoa ni kugumu zaidi, kwa sababu aliyekuchukia angalau anakukumbuka.

Kesho ni zamu yako. Utatanuka Mhina, na ndicho kinachotakiwa, sikuzuii. Lakini siku moja utakaa chumbani kwako huko Arusha, na kuna baridi kweli huko, utalitafuta jina la nyumbani moyoni usilisikie. Usidhani umekuwa mtu mbaya. Usidhani kuna mtu amekuchukulia kitu. Ni kwamba umekwenda haraka na huna wa kukupasha. Ulisema mwenyewe chuma kinapitisha joto kikipewa muda. Basi wape watu muda. Kaa nao hata kama huna la kusema, sikiliza mtu mpaka amalize. Mimi sikuwapa ninyi muda hata wa kuzika baba yenu vizuri. Kinachofaa mashine hakifai nyumba, na mimi niliendesha nyumba kama mashine kwa sababu mashine ndiyo iliyokuwa inanitii.

Sina uhakika kama haya yatakusaidia. Naandika nikiwa naona kabisa kwamba yatakukuta umeshaondoka, na maneno ya mama aliyechelewa hayana uzito wa ndoo moja ya maji. Maji yakimwagika hayazoleki. Silisemi hili ili unionee huruma. Huruma yako itunze, utaihitaji ukiwa na watoto.

Sasa nikwambie cha kitenge cha bluu.

Leo asubuhi ulipokwenda kuaga rafiki zako alikuja Mama Hadija. Aliniuliza mtoto akiondoka nani atakuzungushia. Nikasema umeme upo, wengi wanasaga kule njia panda, mimi nasaga siku ukikatika tu, nitaangalia. Akasema, mchukue Hadija wangu, amemaliza darasa la saba, yupo tu nyumbani, ana nguvu. Hadija alikuwa nyuma yake anachora chini kwa kidole cha mguu. Nikamwangalia mikono. Na unajua nilisema nini, mimi niliyekuandikia yote haya? Nilisema, "Tutaona." Unanijua. Nikisema tutaona nimekubali.

Walipoondoka nikaenda bandani, nikaichomoa hendeli, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaifunga kwenye kitenge.

Ndiyo uliyonayo begini. Ile ile ya baba yako. Bila hiyo mashine haizunguki, na fundi wa kuchonga nyingine Handeni nzima hayupo ninayemwamini, kwa hiyo nimejifungia mlango mwenyewe. Nisipojifungia nitamshika yule mtoto, najijua. Siku foleni itafika barabarani, mtu atasema neno la kunichoma, na nitawasha kitambaa. Nitakula nini si swali lako. Shamba lipo, mvua ikipenda.

Gari lako litasimama Korogwe, na basi la Arusha utalisubiri hapo. Muda utakuwa nao. Nenda kwa dada yako. Piga hodi, wewe unaweza. Mpe hii. Najua si zawadi, mtu hapelekewi fimbo iliyomchapa. Mwambie ni ya kwake aifanye atakavyo, aitupe, aipige na nyundo, aiwekee mlango usifunguke na upepo. Mwambie mashine imenyamaza na haitashikwa na mtoto mwingine. Usimwombe aje. Usimwambie naumwa wala nalia, ukisema hivyo utakuwa umemsukuma, na amesukumwa vya kutosha. Akikataa kuipokea, pita nayo darajani uitupe mtoni Pangani, uendelee na safari yako. Usirudi nayo hapa.

Lakini aipokee asiipokee, akufungulie mlango au akuongeleshe dirishani, kuna jambo moja usiondoke hujalisema. Liseme kwa sauti yako ya kawaida, usiongeze. Mwambie mama amesema ilikuwa bado.

Ni mimi niliyewazaa ninyi wawili.